Watoto wa amali wapelekeni kwa mafundi wa mtaani

Toka mtaala mpya uanze Januari 2024 kila kikao cha wazazi stori ni mkondo wa amali tu, yaani ule wa sekondari wa kujifunza ufundi na kazi za mikono, na mimi naufurahia kwa kweli, ila kuna kitu kinaniuma sana. Tunataka mtoto ajue kuchomelea wakati shule ina mashine moja ya weldingi, stiki zikiisha mapema ndo basi, muhula uliobaki anachora mchoro wa geti kwenye daftari, na hapohapo nje ya uzio kuna fundi anatengeneza mageti kutwa nzima! Hivi kwanini mwalimu na fundi hawaongei?

Fundi mmoja mtaani kwetu nilimuuliza kama anaweza kupokea wanafunzi, akanijibu palepale: "Waje tu, ila waje na buti, sitaki mtoto wa mtu akanyage chuma cha moto na ndala, na mwalimu awe anapita, asinitelekezee." Sasa hapo ugumu uko wapi jamani? Ni karatasi moja tu ya makubaliano, nani ananunua miwani na glavu, siku zipi wanaenda, mtoto akiungua nani anampeleka hospitali na nani analipa. Bodi ya shule ikikaa na mwenyekiti wa mtaa wanamaliza mchana mmoja.

Waajiri wakubwa ukiwaendea wanakwambia sisi tunalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Sawa, mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa kweli, na sehemu ya hiyo hela inaiendesha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), nawashukuru. Lakini hela haimfundishi kijana kuwahi kazini, kuongea na mteja aliyekuja na hasira, au kurudia kupima kabla hajakata bomba, hayo anayapata akisimama pembeni ya mtu anayeifanya hiyo kazi na inayomlisha. Kwahiyo pamoja na hela fungueni na milango ya karakana, hata likizo tu.

Na fundi naye apate chake bana. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, aliyejifunzia kazi mtaani anapimwa anapewa cheti, basi anayebeba wanafunzi asaidiwe kukipata. Shule ikitaka madawati au madirisha tenda apewe yeye, watoto wayachomelee naye na walipwe hata nauli. Kumpa tenda mtu wa mbali halafu wanafunzi wa weldingi kazi yao iwe kushusha madawati kwenye lori, mimi hiyo siikubali kabisa.