Kipaimara si mahafali

Wakatoliki wengi wa huku Bagamoyo tuliacha kujifunza dini siku tuliyopata kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Askofu alitupaka krisma, yaani mafuta matakatifu, picha zikapigwa, pilau likaliwa, na mafundisho yakaishia hapo. Mtu leo ana wajukuu, anaendesha biashara ya maana, lakini imani anaielezea vilevile alivyokaririshwa utotoni.

Mgeni akija tunampeleka Misheni, tunamsimulia Mapadre wa Roho Mtakatifu walivyofika mwaka 1868 na jinsi mwili wa Livingstone ulivyolazwa pale mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Historia tunayo. Akiuliza tunasadiki nini hasa, tunamwelekeza kwa paroko.

Na hapa kwetu maswali hayakwepeki. Jirani ni Mwislamu, shemeji ni Mwislamu, na wanauliza bila shari, kahawa ikiwa mkononi: "Hivi nyie mnasema Mungu ana mama?" Wengi wetu hujibu, "Ndivyo tulivyofundishwa." Hilo si jibu.

Jibu lenyewe halihitaji seminari. Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulipotetea jina la "Mama wa Mungu", ubishi ulikuwa juu ya Yesu: je, aliyezaliwa na Maria ni yuleyule Mwana wa Mungu, au ni wawili waliounganishwa? Mtaguso ukasema ni mmoja. Kwa hiyo aliyemzaa anaitwa Mama wa Mungu, ingawa hakuna anayedai kuwa Umungu ulianzia tumboni mwake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yetu, inalieleza namba 495, aya fupi tu. Jirani, ambaye naye anamheshimu Bibi Maryamu, huenda asikubali, na hiyo ni haki yake. Ila atakuwa amekataa kile tunachosadiki kweli, si kile alichodhani.

Halafu ile sala yenyewe ya "Salamu Maria": nusu ya kwanza ni salamu ya malaika na maneno ya Elizabeti, yote yako Luka sura ya kwanza. Nusu ya pili tunasema "utuombee". Anayeombwa akuombee, naye anamwomba Mungu. Tunaitamka mara hamsini katika rozari moja bila kuliona hilo.

Sitaki tugeuke watu wa mihadhara ya kushindana na vipaza sauti. Petro alisema tuwe tayari kumjibu kila aulizaye, tena "kwa upole" (1 Pet 3:15).

Ninachotaka ni robo saa ya jumuiya, pale majirani Wakatoliki tunapokutana kusali. Tukishasoma Injili, kabla daftari la michango halijafunguliwa (likifunguliwa, basi tena), tuchukue swali moja ambalo mtu ameulizwa kweli mtaani. Mimi ningeanza na kuungama kwa padri, maana hata Wakatoliki wenyewe wananiuliza. Yohana 20, mstari wa 23, Yesu anapowaambia wanafunzi wake habari ya kuondolea dhambi. Nani atasoma?