Cheti cha usonji: kina kazi gani, na kwa nani?

Usonji (autism) hauna kipimo cha damu. Picha ya ubongo haiuonyeshi, na vipimo vya vinasaba, pale vinapofanywa, hutafuta chanzo tu. Havisemi nani ana usonji na nani hana. Jibu hutolewa na mtu aliyekaa na mhusika, akamtazama, akawahoji wanaomfahamu, kisha akalinganisha alichokiona na vigezo vilivyoandikwa. Wanaobeza tathmini huanzia hapo hapo: kama mwisho wake ni maoni ya mtu, ya nini kukaa kwenye foleni kwa miezi? Wanaoitetea nao huanzia hapo: kwa kuwa ni maoni ya mtu, basi mtu huyo awe anaijua kazi.

Tunaegemea upande wa pili, ila si kwa umri wote wala kwa kila sababu. Kwa mtoto mdogo hoja za kungoja ni dhaifu. Kwa mtu mzima mizani inakaribia kulingana, na hapo swali la kujiuliza ni moja: cheti kinachotoka kwenye tathmini kitafungua mlango gani?

Kwanza vigezo vyenyewe, maana wengi hubishana bila kuvisoma. Mwongozo wa DSM-5, uliotolewa na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 2013, unataka ugumu uonekane katika maeneo yote matatu ya kuhusiana na watu: kupokezana mazungumzo na hisia, kutumia na kuelewa ishara za mwili na uso, na kujenga au kudumisha urafiki. Juu ya hayo, angalau mambo mawili kati ya manne: kurudiarudia miondoko au maneno, kung'ang'ania utaratibu usiobadilika, kuzama katika jambo moja kupita kiasi, na hisi zinazopokea sauti, mwanga au mguso kwa ukali mno au kwa udhaifu mno. Dalili ziwe zimeanza utotoni, hata kama hazikugundulika hadi maisha yalipodai zaidi ya uwezo wa mtu, na ziwe zinamkwamisha kweli. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, inakwenda njia hiyo hiyo. Miongozo yote miwili imeifuta Asperger, jina la zamani la usonji wa watu wasiochelewa lugha, kama jina la pekee, kwa hiyo ripoti mpya inayolitumia kama utambuzi rasmi ni ya kutiliwa shaka.

Sasa mtoto. Hoja ya "subiri, baba yake naye alichelewa kusema" haijatoka hewani. Wapo watoto wanaochelewa maneno kisha wakawafikia wenzao, na wapo wazazi wanaoogopa jina ambalo mtoto atalibeba shuleni. Lakini anayechelewa maneno tu huwa ana njia nyingine. Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege, anakuletea kiatu, anakuangalia usoni kuona kama nawe umekiona alichokiona. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hahesabu maneno kwanza. Anauliza kuhusu kidole. Kidole cha kuomba ("nipe kile") na kidole cha kushirikisha ("ona kile") ni vitu viwili, na cha pili ndicho kinachokosekana mara nyingi kwenye usonji. Kwa mtaalamu mzoefu, utambuzi unaweza kuaminika kuanzia takriban miaka miwili. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza haambiwi asubiri, awe na umri wowote.

Hatua ya awali huwa ni hojaji. Inayotumika sana kwa wadogo ni M-CHAT-R: maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2, uwezekano ni mdogo, ingawa mtoto aliyepimwa kabla ya miaka miwili hurudiwa akiifikisha. Alama 8 au zaidi, mtoto apelekwe moja kwa moja kwenye tathmini kamili. Uzembe hutokea katikati, kwenye alama 3 hadi 7. Hapo mzazi anatakiwa kuhojiwa tena kuhusu yale majibu yaliyozua shaka, kwa mifano, na baada ya mahojiano hayo alama 2 au zaidi ndizo zinazompeleka mtoto mbele. Kliniki nyingi zenye haraka huruka hatua hii, na matokeo yake ni wazazi kuogopeshwa bure. Hojaji ni kichujio. Asikwambie mtu kwamba mtoto "amepimwa usonji" kwa maswali 20.

Kabla ya yote, masikio. Mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii vizuri, na kugeuka mlango unapobamizwa hakuthibitishi kwamba anazisikia sauti zote za maneno. Kipimo cha usikivu kifanywe wakati foleni ya tathmini inasogea.

Tathmini yenyewe ikifanywa sawasawa ina nguzo mbili: kumtazama mtoto na kuwahoji walezi. Chombo kinachotajwa sana kwa kutazama ni ADOS-2, chenye moduli tano zinazochaguliwa kwa kiwango cha lugha na umri, cha dakika 40 hadi 60. Kwa nje kinaonekana mchezo tu. Mtathmini anapuliza puto likajaa, halifungi, analiachia lizunguke chumba likipiga mluzi mpaka lianguke. Analiokota, analiweka mdomoni, kisha anasita. Hapo ndipo kazi ilipo. Mtoto mmoja atamtazama usoni, atacheka, atamgeukia mama yake, atasema "tena". Mwingine atalifurahia puto vile vile, lakini atauvuta mkono wa mtathmini na kuusukuma kwenye puto kana kwamba mkono ni kifaa, macho hayajainuka. Wote wawili wanalitaka puto. Kinachoandikwa ni jinsi walivyoomba, na kama furaha yao walimgawia mtu. Tukio moja haliamui kitu, inatazamwa jumla.

Nguzo ya pili ni historia. Mahojiano ya ADI-R yana vipengele 93 na yanaweza kuchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Mahali pengine hutumika CARS-2, vipengele 15, ambapo jumla ya 30 huanza kuashiria usonji. Vyovyote vile, alama hazitoi utambuzi. Mtaalamu ndiye anayetoa. Aliyepewa hukumu baada ya dakika ishirini na mtu mmoja, bila kuulizwa ujauzito, kunyonya, kulala, hatua za kwanza na maneno ya kwanza, hajafanyiwa tathmini.

Mzazi anaweza kuiboresha kazi hii kuliko anavyodhani. Kwenye daftari usiandike "ana hasira". Andika: "Blenda ikiwashwa anaziba masikio na kulia, ikizimwa ananyamaza baada ya dakika mbili, wiki hii mara nne." Sentensi ya kwanza inaelekea kwenye malezi, ya pili inaelekea kwenye hisi. Chukua video fupi za dakika moja au mbili: akicheza peke yake, akiwa na mtoto mwingine, utaratibu ukibadilika, na akiitwa kwa sauti ya kawaida akiwa amegeukia pengine. Usimwelekeze. Video ina thamani kwa sababu chumba kigeni hubadilisha watoto. Wengine hutulia kwa mshangao, wengine hulia saa nzima. Kama nyumbani mnazungumza lugha mbili, sema, na mtoto atazamwe katika ile anayoitumia zaidi. Lugha mbili hazileti usonji, lakini kupimwa katika lugha dhaifu kunaleta alama za uongo. Mtoto mwenye homa au aliyekosa usingizi, ahirisheni.

Hoja nzito zaidi ya wasioharakia cheti ni hii: msaada wenyewe haupaswi kungoja cheti. Hapo tunakubaliana nao kabisa. Tiba ya usemi, kumfundisha kuomba kwa picha au ishara, kumwambia mapema kitakachofuata, vyote vinaweza kuanza kesho, na kama itagundulika si usonji, hakuna kilichoharibika. Kosa ni kugeuza hoja hiyo kuwa sababu ya kutokwenda kabisa. Tathmini ndiyo inayotofautisha usonji na kuchelewa kwa akili kwa ujumla, tatizo la lugha peke yake, upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza (ADHD), au kifafa kinachomzimisha mtoto kwa sekunde chache. Baadhi ya hayo hukaa pamoja na usonji, na tangu 2013 DSM inaruhusu ADHD na usonji viandikwe kwa mtu mmoja.

Kwa mtu mzima hali ni nyingine. Hakuna dawa ya usonji wenyewe, kwa hiyo cheti hakileti tiba. Foleni huwa ndefu zaidi, wataalamu wa watu wazima ni wachache, na kuna mahali ambapo fomu za bima, leseni au uhamiaji huuliza historia ya afya. Mtu aliyejielewa anaweza kununua viziba masikio, kuomba maelekezo ya kazi kwa maandishi na kupunguza mikusanyiko bila kumwomba mtu ruhusa. Upande wa pili, kuna mambo hayatolewi bila ripoti: muda wa ziada kwenye mtihani, marekebisho ya kisheria kazini, baadhi ya huduma. Na kuna aliyetibiwa sonona au wasiwasi kwa miaka bila nafuu kwa kuwa aliyemtibu hakujua chini yake kuna nini. Kwake tathmini inabadilisha namna ya kutibiwa.

Tungesema hivi: ukiweza kuutaja mlango, nenda. Usipoweza, anza na mabadiliko ya maisha na uamue baadaye. Isipokuwa kama dalili zimeanza ukubwani, au una mawazo ya kujidhuru. Hapo muone daktari sasa, na suala la usonji lisubiri zamu yake.

Hojaji fupi ya AQ-10 ina maswali 10, na alama 6 au zaidi ni sababu ya kupelekwa mbele. Tatizo lake, na la vipimo vingi vya watu wazima, ni kwamba wengi wamejifunza kuigiza tabia za wengine ili dalili zao zisionekane, wanawake hasa. Moduli ya watu wazima ya ADOS-2 huwakosa watu hawa, na wakati mwingine humnasa mtu mwenye ugonjwa mwingine wa akili. Mtathmini hodari haulizi "unaweza kumtazama mtu machoni?" kwa sababu atajibiwa ndiyo. Anauliza "unafanyaje ili umtazame?" Hapo ndipo hutoka jibu kama "nahesabu hadi tatu, kisha nahamia kwenye nyusi."

Kinachokwama zaidi kwa watu wazima ni utoto. Mama hayupo tena, au yupo na anasema "ulikuwa mtoto mzuri tu." Shangazi, kaka mkubwa, na ripoti za shule ya msingi husaidia, nenda nazo mkononi. Maneno ya mwalimu kama "anajua sana ila hacheki na wenzake" yana uzito kuliko kumbukumbu ya leo, kwa kuwa yaliandikwa bila mtu kuwazia usonji.

Mwisho wa yote utapewa ripoti, na hapo ndipo pa kuwa mkali. Ripoti yenye alama na neno "usonji" peke yake haitamfaa mwalimu wala mwajiri. Itaje vigezo na mifano iliyoonekana, lugha na uwezo wa kufikiri, kiwango cha msaada (DSM-5 ina viwango vitatu, na eneo la mawasiliano linaweza kutofautiana na lile la tabia za kurudiarudia), yanayoambatana, na mapendekezo yanayotekelezeka: si "apewe msaada", bali nani, wa nini, mara ngapi kwa wiki. Jibu likiwa "hana usonji", bado mtoto hasemi na bado halali. Usitoke chumbani kabla hujauliza: kama si huu, ni nini, na anayefuata kumwona ni nani?