Pesa Imelala, Msiiamshe

Kwa wanaoniuliza kwa nini mwaka 2024 niliagwa kwenda Uingereza kwa pilau na dua, halafu wiki chache baadaye nikaonekana sokoni Ngamiani nachagua nyanya, jibu ni hili: niliangushwa na shilingi 3,500. Si milioni tatu na nusu. Elfu tatu na mia tano.

Mimi ni muuguzi, mtu wa Tanga. Baada ya kuusotea mtihani wa Kiingereza mara mbili (mara ya kwanza niliangukia kwenye kuandika, mambo ya kueleza mchoro wa mistari inayopanda na kushuka), nikapata kazi katika hospitali moja Uingereza. Mwajiri akanitumia cheti cha udhamini. Nikatangaza nyumbani kwamba cheti kimefika, na shangazi yangu, mama muuza vitumbua anayejua habari za mtaa mzima kabla ya wenye habari, akaja mbio.

"Kiko wapi tukitie fremu?"

Nikamwonyesha simu. Cheti chenyewe ni namba. Wanakiita cheti lakini karatasi hakuna, ni namba ya kumbukumbu ambayo unaijaza kwenye fomu ya visa, na una miezi mitatu tu ya kuitumia. Shangazi akaitazama ile namba, akanitazama mimi, akasema, "Baba, hii mbona kama ya kuongezea salio?"

Sasa mimi nilishasikia mikasa ya watu walionyimwa visa. Huyu majina hayafanani, yule cheti cha kifua kikuu kimepita miezi sita, mwingine kadanganya kitu kidogo kwenye fomu akafungiwa miaka. Nikaapa sitaingia kwenye shimo hata moja. Na tatizo la majina nilikuwa nalo, tena nililitengeneza kwa mkono wangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athuman. Cheti cha kidato cha nne, Athumani. Kitambulisho cha taifa na pasipoti, Othman, kwa sababu siku najaza ile fomu nilikuwa nimetoka kutembea Unguja na nikaona Othman lina heshima zaidi. Nikaenda kwa wakili, akaniandalia hati ya kiapo kwamba Athuman, Athumani na Othman wote ni mtu mmoja, akagonga muhuri. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa na ushahidi wa kisheria kwamba mimi ni mimi.

Nikapiga picha ya kifua, safi. Nikachovya vidole kwenye wino kwa ajili ya hati ya tabia njema ya polisi, ambayo kwa kazi za kuhudumia wagonjwa ni lazima. Shangazi alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Tabia njema! Na mimi hawakuniuliza?"

Ikabaki pesa.

Sheria ya visa ya Uingereza inasema uwe na pauni 1,270 za kujikimu ukifika, na ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya hapo hata siku moja. Kisha uwasilishe ombi ndani ya siku 31 tangu siku ya mwisho ya ile taarifa ya benki unayoambatanisha. Na kwa kuwa pesa yangu ni shilingi, wao wanaibadili kwa kiwango cha siku ile unayowasilisha. Wakati huo pauni ilikuwa inacheza kwenye 3,300 hivi. Nikapiga hesabu: 4,191,000.

Niliuza pikipiki, 2,300,000. Mke wangu akatoa mgao wake wa kikoba, 1,100,000, huku akinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Akiba yangu ilikuwa laki nane. Jumla 4,200,000. Yaani nilikuwa na shilingi 9,000 za kupumulia, na nilijiona mtu mwenye tahadhari kubwa. Tena nikafungua akaunti mpya kabisa, isichanganyike na mshahara, nisije nikajisahau nikanunua samaki. Kadi ya ATM waliyonipa nikaikabidhi kwa mke wangu, Mama Zuwena, naye akaitia chini ya kanga zake za harusi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuwaeleza ndugu. Mjomba aliniuliza kwa nini natembea kwa miguu wakati pesa ya pikipiki niliyouza ninayo, nikamjibu, "Pesa imelala benki siku 28, Mjomba. Haitakiwi kuguswa." Kufika jioni, ukoo mzima ulijua kwamba Othman ana pesa na pesa yake haina kazi.

Mimi sijui ndugu wananusaje. Mwaka mzima nilikuwa na pikipiki na hakuna aliyepata shida. Ilipolala pesa, shida zote zikaamka. Mjomba bati la jikoni likapeperuka. Binamu akaleta kadi ya mchango wa harusi ambayo tarehe yake ilikuwa bado miezi saba. Jirani wa bodaboda tairi likapasuka, akaja nalo mpaka mlangoni kama maiti, akalilaza kwenye baraza ili nilione vizuri.

Wote niliwanyima. Nilikuwa jiwe. Shangazi alikuja siku ya kumi na mbili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Baba, nipe elfu hamsini ya mchele na mafuta, nakurudishia Ijumaa."

"Shangazi, pesa ipo, lakini imelala."

"Imelala na nani?"

"Imelala yenyewe. Benki."

"Basi iamshe, nitairudisha kitandani kabla Mzungu hajaikosa."

Nikamweleza habari ya siku 28, kwamba ikishuka hata siku moja, hata kama kesho yake ikirudi, nimekwisha. Alinyamaza, akachukua kikapu chake. Kila alfajiri akipita na vitumbua vyake alikuwa anagonga dirisha. "Imeamkaje leo?" Namwambia salama. "Haijakohoa?" Haijakohoa.

Na kweli nilikuwa naiuguza. Kiwango cha pauni nilikitazama kila asubuhi kama natazama joto la mgonjwa wa wodini. Ikapanda, nikakosa hamu ya chai. Ikashuka, nikala. Siku ya ishirini na nane nikaenda benki, wakanitolea taarifa ya akaunti, nikahakikisha kila ukurasa umegongwa muhuri. Usiku ule nikachukua kalamu ya rangi ya njano nikapaka salio la mwisho, afisa asihangaike kulitafuta. Siku ya kuwasilisha, pauni ilikuwa imetulia kwenye 3,300 kamili. Nikasema Mungu mkubwa. Nikalipa ada, pauni 284, nikapanda basi kwenda Dar kuacha alama za vidole na pasipoti. Niliporudi ndiyo pilau ikapikwa. Nilijaribu kusema visa bado haijatoka, lakini mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Jibu nililifuata mwenyewe. Nilifungua bahasha kwenye basi la kurudi, kiti cha dirishani. Pasipoti nikaipekua ukurasa kwa ukurasa, nyeupe kama nilivyoiacha. Barua ilikuwa na adabu zote. Majina, sawa. Kifua, sawa. Tabia, njema. Kisha ikasema kuanzia tarehe fulani salio langu lilikuwa 4,187,500, ambalo halifiki pauni 1,270.

Nikatoa nakala ya taarifa ya benki. Pale, mistari miwili tu juu ya rangi yangu ya njano, kulikuwa na makato mawili ya usiku wa mwisho wa mwezi. Ada ya kuendesha akaunti, 2,500. Ada ya kadi ya mwaka, 10,000. Kadi iliyokuwa chini ya kanga! Na hapo nikakumbuka kabisa: nilikuwa zamu ya usiku, simu ikatetemeka mfukoni, nikasoma ujumbe, nikasema moyoni "haya, benki nao wamekula chao," nikaenda kubadilisha dripu. Mjomba nilimzuia. Bwana harusi nilimzuia. Tairi nililiruka kila asubuhi nikienda kazini. Benki nikawaacha wapite wenyewe.

Ukiona waliokunyima wamekosea, unaruhusiwa kuomba mapitio kwa pauni 80, ndani ya siku 28. Nilipoisoma ile 28 nilicheka peke yangu, abiria wa pembeni akasogeza mkoba wake. Ya nini mapitio? Hawakukosea hata senti.

Nyumbani walikuwa wananisubiri barazani. Shangazi akataka nimtafsirie barua neno kwa neno. Nikamtafsiria. Akauliza hiyo iliyopungua ni kiasi gani kwa hela yetu. Nikamwambia.

"Elfu tatu na mia tano." Akaangalia juu kidogo akipiga hesabu. "Hizo si nazi tatu?"

"Nazi tatu, Shangazi."

"Umenyimwa Uingereza kwa nazi tatu, na mimi jikoni ninazo nane."

Nilimwandikia mwajiri nikijua kazi imekwenda, maana namba ya udhamini ikishatumika kwenye ombi lililokataliwa, haitumiki tena. Wakajibu siku ya pili, wapole, kwamba watanipa namba mpya. Halafu wakaongeza sentensi moja ambayo niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa: safari hii watatia alama kwenye kile kisanduku cha udhamini kinachosema hospitali itanigharimia mwezi wa kwanza, hivyo sitahitaji kuonyesha pesa yoyote benki. Kisanduku kilikuwepo tangu mwanzo. Hata fomu ya visa iliniuliza kama mwajiri amethibitisha hilo, na mimi kwa kujiamini nikajibu hapana, wala sikuwauliza. Alama moja ya vema! Ningekuwa na pikipiki yangu.

Sikumwambia mtu isipokuwa Mama Zuwena, tena kwa kunong'ona, usiku, mlango umefungwa. Kulipokucha dirisha likagongwa. Shangazi alikuwa amesimama na kikapu kichwani, hana haraka yoyote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Nasikia zimeamka."

Nikaingia ndani, nikatoka na elfu hamsini. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akanyoosha mkono tena.

"Na elfu tatu na mia tano."

"Ya nini tena?"

"Ya nazi," akasema.