Uovu Wako Utakurudi: Nani Anayempiga Aliyemwacha Mungu?

Kwenye maziko ya kijana mmoja huku Changamwe, Mombasa, mhubiri alisimama kando ya jeneza akasema Mungu alikuwa amemchoka marehemu. Kijana alibatizwa, akaimba kwaya, akaacha kanisa, akaingia kwenye unga wa kulevya, na unga ukammaliza. "Alimwacha Mungu, Mungu akampiga." Watu wakaitikia amina. Mamake, aliyekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, hakuitikia. Alikuwa akisokota pindo la leso yake, analisokota na kulifungua.

Sitaki kumwonea mhubiri. Maandiko ya kumtetea anayo: Anania na Safira walianguka wakafa mbele ya Petro, na Kumbukumbu la Torati 28 imejaa laana. Tena alikuwa akiwatazama vijana waliosimama nyuma, karibu na lango, na baadhi yao tunajua jioni hukaa maskani gani. Mchungaji aliyesoma Ezekieli 33, habari za mlinzi asiyepiga tarumbeta, anaogopa kudaiwa damu yao. Na kwenye jambo kubwa alisema kweli: kijana alichagua. Siku hizi tunalaumu marafiki, umaskini na shetani mpaka mtu mwenyewe anabaki kama gunia lililobebwa na wengine. Mhubiri angalau alimhesabu marehemu kuwa mtu, mmoja wa wale walioambiwa na Musa, "nimekuwekea mbele yako uzima na mauti".

Ninaposhindwa kwenda naye ni kwenye lile neno "akampiga".

Warumi sura ya 1, katika aya ya 18, hutaja ghadhabu ya Mungu. Msomaji anangoja moto. Badala yake Paulo anaandika mara tatu, katika aya ya 24, 26 na 28: Mungu aliwaacha. Mara tatu! Nimeirudia sura hii usiku mwingi tangu maziko yale, na kila mara nakwama hapo hapo. Ghadhabu, kwa Paulo, ni mtu kupewa kile alichokuwa akikitaka. Mtaalamu atanikosoa kwamba Kigiriki chake ni kizito zaidi, kwamba ni "kukabidhi", kama mfungwa anavyokabidhiwa kwa askari. Nakubali. Lakini tendo hilo hilo Paulo analitumia tena katika 8:32, anaposema Mungu hakumwachilia Mwana wake, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote. Aliyewakabidhi watu kwa tamaa zao ndiye aliyemkabidhi Mwanawe huko huko walikokwenda. Ukisoma aya ya kwanza bila ya pili utaona Mungu aliyenawa mikono.

Yeremia anasema hivyo hivyo kwa mfano ambao sisi wa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa. Watu wameiacha chemchemi ya maji ya uzima, wakajichimbia mabirika yavujayo. Birika hapa si la chai. Ni lile tangi la kujengwa, kama yaliyomo kwenye nyumba za zamani. Maji matamu tunayoyagombania mjini yanatoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kwa bomba. Bomba likikauka tunanunua dumu la lita 20 kwa mwenye mkokoteni, au tunateka ya chumvi kisimani. Mtu akilikata bomba lake kwa mkono wake, kiu itampata bila chemchemi kumkasirikia. Nabii anaendelea, katika 2:19: "Uovu wako mwenyewe utakurudi". Kiswahili kimetutendea wema hapa. Kumrudi mtu ni kumwadhibu, na mwenye kurudi katika aya hii ni uovu. Mungu hatajwi akishika fimbo.

Lakini tusijidanganye kwamba hiari hubaki nzima mpaka mwisho. Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alibishana juu ya jambo hili na Pelagio, mwalimu aliyeitegemea hiari ya mtu, na mwaka 418 maaskofu wa Afrika waliokutana Carthage wakaikataa hoja kwamba mtu anaweza kujinyoosha kwa nguvu zake bila neema. Aliyewahi kumwona teja akitetemeka alfajiri anawaelewa maaskofu wale. Mara ya kwanza kijana alichagua. Ya mia mbili sijui kama tuiite kuchagua. Yesu aliiita utumwa. Basi hata tunaposema "alijitakia", tuseme kwa sauti ya chini.

Na kila msiba si malipo ya dhambi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, hapa hapa Mombasa, wakafa watu 272 waliokuwa wakivuka tu. Yesu aliulizia watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao, akajibu mwenyewe: sivyo. Papo hapo akawaonya waliokuwa hai watubu. Aliwaonya bila kuwasengenya maiti, na hapo ndipo mhubiri wetu angeweza kuyapata yote mawili.

Baada ya matanga nilikwenda kumwamkia mama. Alinionyesha mlango wa uani. Komeo lake, alisema, hakulifunga miaka mitatu, hata usiku ule alioibiwa jiko la gesi, maana mwanawe hakuwa na ufunguo. Mara mbili kijana alirudi akalala, asubuhi akaondoka. Mara ya tatu aliletwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "Mungu angemchoka kabla yangu mimi?"

Ibada ya kumbukumbu imepangwa mwezi ujao na mhubiri ni yule yule. Nimemwomba tukae kwanza sisi watatu palepale uani, tusome Luka 15, kuanzia pale mwana alipokuwa angali mbali na babaye akamwona. Amekubali kuja Jumamosi.