Dubwi la Tabata

Mimi nilitaka mashine ya gemu ya kusimama, zile za zamani: kioo juu, joistiki na batani usawa wa tumbo, unacheza Pac-Man ya mwaka 1980 ukiwa umesimama kama mteja dirishani kwa Mangi. Mtaa wangu pale Tabata wenyewe uliona dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu. Mpaka leo sijaweza kuwatoa huko.

Mbao za MDF za milimita 18 nilikatiwa Keko. Fundi aliangalia mchoro wangu muda mrefu, akauliza, "Bosi, hili kabati nguo zinaingilia wapi?" Nikamwambia kata tu. Kirikuu ikalileta nyumbani, majirani wakasimama vibarazani kulipokea.

Ndani nikaweka monita ya mtumba kutoka Kariakoo na Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani. Hapo sikupata shida. Shida ilikuwa joistiki. Chini yake kuna swichi nne, nami kwa akili zangu nikaunga waya wa "juu" kwenye swichi ya juu. Kumbe ukisukuma kijiti mbele, kitako chake kinarudi nyuma na kubonyeza swichi ya chini. Nikawasha: nasukuma juu, Pac-Man anashuka. Namkwepesha kizuka, anakwenda kumkumbatia. Mke wangu akatazama kidogo, akasema, "Baba watoto, hako kadude kamechoka kuishi."

Ningerekebisha waya nikalala, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kwenye kifurushi cha joistiki kilikuwemo pia kifaa cha kupokea sarafu. Sikuwa na haja nacho, ila nilishakilipia, na mimi kitu nilichokilipia hakilali kabatini. Kinafanya kazi kwa kulinganisha: unabana sarafu moja ndani iwe mfano; inayoingia ikifanana nayo inapita na unapewa mchezo, isipofanana inatemwa. Nikabana ya mia mbili, ile yenye simba. Nilipojaribu, mgongo wa mashine ulikuwa wazi na sarafu nilikuwa nazidaka kwa mkono. Kisha nikafunga mgongo kwa skrubu 12, nikajipongeza.

Jioni akapiga hodi jirani, dereva wa bajaji. Alisimama mbele ya mashine kwa heshima, akapapasa kile kitundu cha sarafu.

"Kaka, linalipa ngapi?"

"Halilipi. Ni gemu tu."

"Sawa, sawa." Akanikonyeza, akatumbukiza mia mbili.

Sarafu ikapita. Tukasikia *ting*, halafu *tss*, kisha kioo kikawa cheusi.

"Luku imeisha," nikasema.

"Feni inazunguka, kaka."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuweka kopo la kupokelea sarafu. Nilikuwa nimelipangia, wallahi, hata kopo lenyewe la maziwa lilikuwa limeoshwa.

Jamaa hakupiga kelele. Alitoka nje tu akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Limekula hela yangu." Ndani ya dakika kumi uwanja ukajaa, na mjumbe akafika na kofia yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia umefungua kamari kwenye nyumba ya watu."

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtuhumiwa. Mzee akaamuru mashine ifunguliwe. Tukafungua skrubu zote 12, mwenye bajaji akinimulikia kwa simu. Kwenye ile bodi ya Raspberry Pi kuna pini 40 zimesimama kama meno ya kitana, na juu yake simba amejilaza kabisa, ameunganisha volti 5 na volti 3.3 ambazo hazikutakiwa kujuana. Palinuka plastiki iliyoungua.

Nikamrudishia mtu hela yake. Ingeishia hapo, lakini mwanga wa simu ukapanda mpaka kwenye kile kifaa cha sarafu.

"Mzee, ona! Kuna mia mbili nyingine imefichwa humu, imebanwa!"

"Hiyo ni ya mfano," nikasema.

"Chambo," mjumbe akasahihisha. Umati ukaguna. Mama mmoja akasema hiyo ni dawa, ndiyo inayoita wenzake. Mzee akaamuru itolewe mbele ya mashahidi, nikaitoa.

Kifaa kisipokuwa na sarafu ya mfano hakina cha kulinganisha, basi kinatema kila unachokipa. Jamaa wa bajaji, kwa kuhakikisha, akatumbukiza tena mia mbili yake. Ikateleza, ikadondoka kwenye kisahani cha chini. Akarudia. Ikarudi.

"Sasa hili ndilo dubwi la haki," akamwambia mjumbe.

Bodi mpya sijanunua, kioo bado kiza. Lakini kila mchana watoto wakitoka shule wanapanga foleni sebuleni kwangu, kila mmoja na mia mbili yake: anaitumbukiza, inarudi, anashangilia, anampisha mwenzake.