Bosi, Hiyo Kirikuu Bei Gani?

Mke wangu hana ugomvi na gari langu. Ugomvi wake ni na kile ambacho gari langu halina. Siku nilipoliingiza uani alilizunguka, akakunja mikono, akauliza, "Baba Nasra, hili likipinduka, kitakachotangulia kugusa lami ni nini?"

Nikatazama kioo cha mbele. Nikatazama viti viwili na anga tupu lililokuwa juu yake. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kwenye upara.

"Haya, umeshajijibu," akasema, akaingia jikoni.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster ya toleo la kwanza, ile ambayo Wajapani waliiuza kwao kwa jina la Eunos, na dunia ikaiona kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989. Viti viwili, paa la turubai unalolirusha nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, taa za mbele zinazolala na kuamka, uzito haufiki tani moja. Mtu mwenye akili timamu hapa Dar ananunua Toyota IST. Mimi nilikuwa na IST, nikaiuza.

Ila mwanamke alikuwa na hoja. Fremu ya kioo cha mbele ya gari la namna hii haikuundwa kubeba gari zima likiwa miguu juu. Wenye viwanda wanalijua hilo siku nyingi. Porsche walipotoa 911 Targa mwaka 1965 waliiwekea tao pana la chuma nyuma ya viti. Mercedes nao, kwenye SL ya mwaka 1989, wakaficha chuma nyuma ya viti ambacho gari likihisi linapinduka kinachomoka chenyewe kwa sekunde 0.3. Mazda wa mwaka huohuo walikupa turubai, mengine ukazungumze na Mungu wako.

Kitu kinachoziba pengo hilo kinaitwa rolibaa: tao la bomba nene linalosimama nyuma ya vichwa, na miguu miwili inayorudi nyuma kulishikilia. Kuiagiza nje inawezekana, lakini ukijumlisha nauli ya meli na ushuru unajikuta inabidi uuze gari ili ulipie chuma chake. Nikaenda Gerezani, ule mtaa wa mafundi chuma hapa Dar.

Fundi niliyeelekezwa ni bingwa wa mageti. Usione nusu ya mageti ya Mbezi Beach yana simba wawili wanaotazamana, ni mkono wake. Nikamkalisha, nikamwaga yote niliyosoma. Sheria za mashindano za FIA, shirikisho la magari la dunia, zinataka bomba lisilo na mshono, kipenyo milimita 45, unene milimita 2.5. Kila mguu ukalie pleti ya milimita 3, bolti zipenye sakafu ya gari, na chini kuwe na pleti nyingine, maana bila hiyo bolti zitang'oka na kipande cha bati lake siku ya ajali. Fundi alinisikiliza kwa adabu kubwa, kijiti mdomoni.

"Nimekuelewa bosi. Unataka keria."

"Sio keria, fundi."

"Ni geti basi, ila halina ukuta."

Akapendekeza bomba la maji. Nikakataa: lina mshono, ukilikunja linapasuka pembeni, na ile zinki ya juu ikichomelewa moshi wake unamlaza mtu na homa.

"Ndiyo maana tunakunywa maziwa," akasema, akanionyesha pakiti juu ya kopo la rangi.

Bomba la kueleweka lilipatikana kwa mbinde na kwa hela yangu. Likaja suala la urefu wa tao. Huko mbio za magari wana kipimo kizuri sana kisichohitaji umeme: unakaa kitini umevaa helmeti, unalaza mpini wa ufagio kutoka juu ya rolibaa mpaka juu ya kioo cha mbele, na kichwa kinatakiwa kibaki chini ya mpini kwa kama sentimita 5. Ukigusa, umefeli. Sasa mimi nina mita 1.88, na Mazda walimchorea mtu mwingine.

Helmeti tukaazima kwa kijana wa bodaboda, ikiwa na jasho la abiria wote wa Kariakoo. Mpini ukatoka kwenye mopu ya mama lishe. Nikakaa. Kijana mmoja akashika nyuma, mwingine mbele, fundi akachutama akifumba jicho moja. Gerezani haina tatizo la watazamaji. Baada ya muda mfupi duara lilikuwa limefunga njia. Mzee mmoja mwenye kanzu akamuuliza jirani yake:

"Huyu anapimwa nini?"

"Kichwa."

"Kwani Muhimbili wamefunga?"

Nikafeli. Fundi akapandisha tao. Nikafeli kidogo. Akapandisha tena, mpaka mpini ukapita juu ya helmeti bila kugusa, watu wakapiga makofi. Jua lilikuwa kali siku hiyo, paa limekunjwa nyuma tangu asubuhi. Hakuna aliyeliuliza maoni, na kwa nini aulize? Tulikuwa tunapima kichwa.

Nilipokwenda kuichukua kazi nilikuta fundi ameongeza vitu vyake. Juu ya tao kulikuwa na mikuki mitatu, ncha zimepakwa rangi ya dhahabu. Pembeni, kulia na kushoto, maua mawili ya chuma kilichosokotwa. Katikati, kwa herufi za chuma zilizochomelewa kwa ustadi ambao sitausahau, namba yake ya simu.

"Bomba tupu lilikuwa linaonekana uchi, bosi. Maua sikutozi."

Mikuki niliikatisha kwa grenda palepale, maana unamlinda mtu asife kichwani halafu unamwekea mkuki kichwani? Maua na namba vikabaki, kwa sababu fundi alisema vikikatwa rangi itaharibika, na rangi ilikuwa bado mbichi. Lile eneo la kichwa alikuwa amelivisha sponji ya godoro na leza, ile ngozi bandia ya viti vya bajaji, rangi ya damu ya mzee. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikafika kwenye chuma bila kizuizi chochote. Sponji ya kazi hii inatakiwa iwe ngumu, uibonyeze ikubonyeze. Na ndiyo maana mtu wa barabarani, asiyevaa helmeti, anaambiwa aishie kwenye rolibaa ya nyuma tu, asijizungushie kizimba kizima. Kwenye kagongano kadogo tu cha foleni, bomba linakupiga wewe kabla ajali haijakufikia. Mimi sikungoja hata foleni. Tuta la kwanza la Msimbazi lilinigongesha kisogo kwenye bomba, nikasikia kengele.

Halafu kiti. Mguu wa rolibaa ulikuwa umekaa mahali ambapo kiti hurudi nyuma, kwa hiyo hakirudi tena. Niliendesha magoti yakiwa pande mbili za usukani, kona ya kulia nikiomba ruhusa kwa goti la kulia.

Mke wangu alilikagua. Akagonga chuma, akasoma namba ya simu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa kamchukue mama stendi."

Mama mkwe alikuwa anatoka Tanga kwa basi, anashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi. Nikashika Morogoro Road. Kimara tu hapo, foleni imesimama, mama mmoja akaja mbio kutoka kituoni akiwa na godoro la sita kwa sita limefungwa kamba.

"Bosi, hiyo kirikuu bei gani mpaka Kibamba?"

"Mama, hii sio kirikuu ya mizigo. Ni gari la michezo."

Akalitazama tao, maua, namba ya simu. "Basi punguza kidogo, na mimi naenda hukohuko."

Nyuma yangu konda wa daladala akacheka mpaka akashuka. Nilipandisha vioo vya pembeni, kitendo ambacho kwenye gari lisilo na paa hakikufichi chochote.

Mama mkwe, kwa upande wake, alilipenda. Yeye ni mtu wa safari. "Afadhali hili, mwanangu," akasema akilishika tao kwa mkono wa kushoto. "Lina pa kushika. Magari ya siku hizi unakaa tu unapepesuka." Kikapu cha kuku akakitundika kwenye ua la kushoto, lile la upande wake. Ua lilibeba bila kutikisika. Kazi ya fundi kwenye mageti haina dosari, hilo niliseme wazi.

Mvua ilitukuta kabla ya Ubungo. Ilikuwa masika, na masika ya Dar hayapigi hodi. Nikakimbilia chini ya daraja, pale ambapo bodaboda wote wa mkoa hukutana mvua ikinyesha, nikavuta paa. Likanyanyuka vizuri, likaja, likaja, likafika kwenye tao, likagota. Fremu ya turubai imesimama wima, tao limekataa kuinama. Nikavuta tena. Likagota tena.

Bodaboda wakaona kazi. Watu wa nchi hii wana upendo: huwezi kukwama peke yako. Wawili wakashika kushoto, watatu kulia, mmoja akapanda juu ya buti bila kuulizwa.

"Oyaa, tunavuta kwa pamoja! Moja, mbili..."

Dirisha la nyuma la turubai hilo si kioo, ni plastiki iliyoshonwa, na ya kwangu ilikuwa imekula jua la Japani na la Dar es Salaam kwa zamu. Ilipopasuka ilitoa mlio ambao kuku alijibu. Kimya kikafuata, kisha yule wa juu ya buti akashuka taratibu, akasema, "Kaka, hapo sasa hewa itapita vizuri."

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alifungua mwavuli wake, mkubwa, wa kampeni, akausimamisha kwenye tao na kuufunga kwa khanga, mafundo mawili. "Twende, mwanangu. Kuku ataugua." Tukatoka. Upande wake palikuwa pakavu kabisa. Upande wangu maji yalipita shingoni, yakashuka mgongoni, yakajaa miguuni. Roadster hizi zina vitundu vya kutoa maji nyuma ya viti, na vya kwangu vilikuwa vimeziba kwa majani ya mwembe wa jirani, kwa hiyo kila nilipokanyaga breki bwawa lote lilikuja mbele kunisalimia.

Trafiki akatupiga mkono Barabara ya Sam Nujoma. Koti la mvua mpaka miguuni, tochi mkononi mchana.

"Shikamoo mama," akamwanzia mama mkwe, kisha akanigeukia. "Hii imesajiliwa ya mizigo au ya abiria?"

"Ya binafsi, afande."

"Mbona ina keria?"

"Sio keria, afande, ni rolibaa. Gari likipinduka inazuia kichwa kisi..."

"Kwani una mpango wa kupinduka?"

Mama mkwe akaingilia kutoka kwenye ukavu wake. "Ni ya kushika, baba. Jaribu."

Afande akalishika tao. Akalitikisa kwa nguvu zote, gari zima likacheza juu ya springi, tao halikuachia hata nukta. Akamulika tochi kwenye maua, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kuchomelea, mmoja baada ya mwingine, kimya kimya. Kisha akamulika namba.

"Hii namba ya nani?"

"Ya fundi, afande."

"Anatengeneza na mageti?"

"Ndiyo kazi yake hasa."

Akatoa simu chini ya koti, akainakili namba yote huku maji yakimtiririka puani, akaturuhusu. Leseni hakuiulizia.

Wiki iliyofuata fundi akanipigia mwenyewe kunishukuru kwa kumletea mteja, na kwa furaha hiyo akakubali kurudia kazi bila kunitoza ufundi. Safari hii tulianza na paa likiwa limefungwa, tao likashuka mpaka likaenea chini ya turubai. Nikafeli mpini wa mopu, kama ilivyotarajiwa, kwa hiyo badala ya kupandisha chuma tukanishusha mimi: tukafumua kiti, tukakata sponji ya makalio mpaka ikabaki unene wa chapati. Wenye Roadster duniani kote wakiwa warefu hufanya hivyo. Mguu tukausogeza kando ya reli ya kiti. Leza ikatoka, ikaingia sponji ngumu. Mpini ukapita, kwa shida, ila ukapita. Fundi aliuliza kama aweke hata ua moja dogo. Nikamwambia hapana.

Mke wangu ameridhika. Paa linafunga. Mama mkwe ndiye aliyepiga simu kutoka Tanga baada ya Nasra kumtumia picha.

"Mwanangu, gari zuri, nimeliona. Lakini nakuja mwezi ujao na kuku watatu. Sasa nitawatundika wapi?"