Je, klasiki ndiyo msingi wa kila uimbaji?

Mwalimu mwenzangu wa kwaya hapa Dodoma ana kanuni moja asiyoilegeza. Kijana akimwendea na kusema anataka kuimba Bongo Fleva au injili ya jukwaani, humjibu: "Anza na nota na sauti ya kichwa. Ukiishika klasiki, mengine yote utayaimba." Mwalimu mwingine, mdogo kwake kwa umri, mwenye chumba cha kurekodia pale Area C, hataki hata kulisikia hilo. Kwake yeye, miaka miwili ya solfa, yaani kusoma muziki kwa do-re-mi, ni miaka miwili ya kumharibia mtu sauti aliyozaliwa nayo. Nimefundisha vijana waliopita mikononi mwa wote wawili, na yale niliyoyasikia kwa vijana hao hayampi yeyote ushindi kamili.

Nianze na wa kwanza, maana ana mengi ya kweli. Uimbaji wa klasiki ulikomaa Ulaya katika majumba ya opera yasiyo na maiki, mwimbaji mmoja akiwa mbele ya okestra nzima. Ilimlazimu atafute njia ya kusikika hadi viti vya nyuma bila kujiumiza. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza siri ya njia hiyo: mwimbaji anaposhusha zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, na kupanua koo, sauti yake hukusanya nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ni dhaifu, kwa kuwa nguvu kubwa ya ala iko chini, karibu na 500. Sauti inapita juu ya ala bila mtu kupiga kelele. Ongeza hapo nidhamu ya pumzi, yaani kuvuta hadi mbavu zifunguke kisha kuitoa kidogo kidogo, na utaelewa kwa nini mwalimu huyu hataki mtu aruke hatua. Tena solfa, mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 na kufika kwetu kwa njia ya misheni, imewapa elimu ya muziki watu wasiowahi kugusa kinanda. Mwanakwaya anayesoma nota hupewa wimbo mpya Alhamisi, na Jumapili anauimba.

Kasoro iko kwenye neno "msingi". Katika sauti ya kifua, ile tunayoongea nayo, nyuzi za sauti huwa nene na hugusana kwa muda mrefu zaidi kila zinapotetema. Katika sauti ya kichwa huvutwa zikawa nyembamba, na mguso wake huwa mfupi. Soprano wa klasiki, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, huanza kuingia kichwani mapema, karibu na fa iliyo juu ya do ya kati ya kinanda. Mwimbaji wa kike wa Bongo Fleva au wa injili hubaki na sauti inayofanana na kuongea, akipanda nayo hadi la na wakati mwingine zaidi. Hizo ni kazi mbili tofauti za misuli ileile. Mtu aliyezoezwa moja kwa miaka minne hajazoezwa ya pili hata siku moja.

Nimeliona hili kwa binti mmoja, soprano mzuri wa kanisani. Aliitwa kuimba na bendi kwenye sherehe za harusi. Mbele ya gitaa la besi na ngoma, sauti yake ya kichwa ikamezwa. Akapandisha kifua bila kufundishwa namna ya kukipandisha, akakaza koo, na baada ya wiki sita sauti ilikuwa inakwaruza hata anapoongea. Aliyekuwa mwalimu wake alisema ni adhabu ya kuacha klasiki. Mimi nadhani alilipia kitu ambacho hatukumfundisha, na najihesabu miongoni mwetu, kwa sababu alipita kwangu pia.

Kuna na suala la irabu, ambalo kwa sisi waimbaji wa Kiswahili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Klasiki hurekebisha irabu juu ya ngazi: "a" huvutwa kuelekea "o" ili koo libaki wazi. Katika opera watu wanakubali, lakini Kiswahili kina irabu tano tu na kila moja inabeba maana. "Imetupasa kushukuru" ikiimbwa hivyo kwenye noti ya juu, msikilizaji wa benchi la nyuma anasikia "imetuposa". Waumini hawakuja kusikia umbo la koo, wamekuja kusikia neno.

Je, basi mwalimu wa Area C ana haki? Nusu. Anaposema kila mtindo unadai mafunzo yake, hayuko peke yake: mwaka 2008 American Academy of Teachers of Singing, chombo cha waalimu wa kuimba wa Marekani, kilitoa tamko kwamba uimbaji usio wa klasiki una mbinu zake na unastahili ufundishaji wake. Lakini anaposema "iache sauti ilivyo", hafundishi. Kijana anabaki kuiga rekodi, na rekodi hiyo imepita kwenye programu ya kunyoosha sauti, ikarudiwa tabaka juu ya tabaka. Anajaribu kufanya kwa koo lake kilichofanywa na kompyuta. Na hapa kwetu, kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, hewa ni kavu na vumbi halitulii. Koo linalokazwa katika hali hiyo halidumu. Ukwaruzaji ukizidi wiki tatu, nawapeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, na huwa sikubali waendelee na mazoezi.

Ila jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba wote wawili wanabishana kana kwamba kuna njia mbili tu, wakati mwendo mfupi kutoka mjini, Chamwino, kuna ya tatu. Wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma wamezibana kati ya mapaja, wanaimba uwanjani bila paa wala spika, na wanasikika. Sauti ni ya wazi, iko mbele mdomoni, haijashushwa zoloto, na inapangwa kwa tabaka ambazo hakuna aliyewaandikia kwenye karatasi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezunguka dunia na ilimba yake, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki 2003, aliweza kutoka sauti nzito ya chini hadi nyembamba kabisa ya juu ndani ya wimbo mmoja. Hiyo nayo ni shule.

Na ina masikio yake. Ngazi ya muziki wa Kigogo hufuata mitetemo ya asili ya sauti, ile ambayo uzi mmoja au pumzi moja hutoa yenyewe. Mtetemo wa saba katika mfuatano huo uko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Niliwahi kufundisha kwaya ya kijijini na kila tulipofika kwenye noti hiyo nikawasimamisha kina mama: "Mnashuka, pandisheni." Walikuwa hawashuki. Walikuwa wanaimba sahihi kwa sikio walilolelewa nalo, nami nilikuwa nimeshika kinanda kidogo cha betri nikikiamini kuliko wao. Nilikosea, na nadhani bado tunakosea hivyo katika kwaya nyingi.

Kwa hiyo siku hizi swali langu la kwanza kwa mwanafunzi ni ataimbia wapi: kanisani bila spika, jukwaani na maiki, au uwanjani na ngoma. Pumzi, mkao na sikio nawafundisha wote sawa. Baada ya hapo njia zinaachana. Yule binti, koo lilipopona, tulimshushia ufunguo wa nyimbo za harusi kwa toni moja na nusu, tukajenga kifua chake taratibu kutoka kwenye kuongea, na soprano hakuiacha. Kwa watoto bado naanza na sauti nyepesi ya kichwa. Hapo nakubaliana na mwenzangu moja kwa moja.

Anachonijibu ni kigumu. Ana watu arobaini, jioni mbili kwa wiki, na misa ya Jumapili inamsubiri. Atafundisha mitindo mitatu saa ngapi? Nimemwomba dakika 15 za mwisho za Alhamisi, tuimbe ubeti mmoja wa wimbo wa Kigogo bila kinanda, kina mama wakitutangulia. Amesema atafikiria.